Mtoto ameshiba ugali, lakini amekula nini?

Kasulu na Kibondo si mahali pa kusema ardhi haitoi chakula. Muhogo uko shambani mwaka mzima, mahindi yapo, ndizi zipo, na maharage hupakiwa kwenye malori kwenda kuuzwa mikoa mingine. Hata hivyo, katika vijiji hivyo hivyo wapo watoto wa miaka minne wenye kimo cha mtoto wa miaka mitatu.

Hilo si la Kigoma peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Walioongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi. Iringa ilikuwa zaidi ya nusu ya watoto. Gunia lililojaa ndani ya nyumba halisemi chochote kuhusu sahani ya mtoto.

Tuitazame sahani hiyo. Ugali wa muhogo unashibisha haraka, lakini karibu wote ni wanga, na protini yake ni kidogo kuliko hata ya ugali wa mahindi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Akimeza matonge matatu yaliyochovywa kwenye mchuzi wa maharage, nafasi imekwisha. Na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea: mtoto anapewa mchuzi, maharage yenyewe wanakula wakubwa. Mchuzi si maharage. Yaponde yalainike, mpe kwanza, ugali ufuate.

Dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika wanafika hadi masoko ya huku juu. Waoshe mchanga utoke, wakaushe, wasage, kisha weka kijiko cha unga wake kwenye uji au mboga ya mtoto. Yai nalo, badala ya yote kwenda gengeni, moja libaki nyumbani. Kuuza trei nzima ya mayai ili kununua biskuti na soda ni biashara ya hasara.

Mawese ni bahati ya mkoa huu. Ile rangi nyekundu ndiyo chanzo cha vitamini A, na wanaoyachemsha hadi yapauke wanaimwaga vitamini hiyo kwa mikono yao. Kijiko kidogo juu ya lengalenga au sombe iliyoiva vizuri kinatosha. Ongeza papai au embe la msimu, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa pale vinapopatikana.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupima mlo wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 kwa makundi manane ya chakula, maziwa ya mama yakiwa mojawapo, na mtoto anapaswa kula angalau matano kwa siku. Mtoto anayenyonya, akala ugali, maharage, lengalenga na yai, amefika matano. Ugali, ndizi na viazi vyeupe kwa pamoja bado ni kundi moja.

Hesabu hiyo hiyo inauumbua ule "uji wa lishe" wa nafaka saba. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano ni kundi moja lililoandikwa mara tano. Karanga zikisagwa humo na unga ukakaa miezi, huharibika na kukaribisha sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Saga nafaka moja; karanga au maziwa ongeza siku ya kupika.

Chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha asubuhi ni mazoea ya nyumba nyingi. Chai hupunguza madini ya chuma mwilini kuyapata kutoka kwenye chakula, kwa hiyo mtoto apewe uji au maziwa.

Kuanzia miezi sita mtoto ale mara mbili hadi tatu kwa siku, kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kliniki usiishie kwenye mizani: omba apimwe na urefu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene wa mashavu, na mama akarudi nyumbani akisifiwa.