Ruba na Vijidudu Vilivyomo Tumboni Mwake

Mwanafunzi wa Gwata ayajuaye madimbwi ya nyanda za Kibaha na Kisarawe hashangai kusikia habari za ruba. Anamfahamu kuwa ni mnyoo mweusi, laini, anyonyaye damu ya ng'ombe na ya binadamu bila ya kuombwa. Huenda atashangaa kusikia kwamba katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani mnyoo wa jamii hiyo huwekwa kwa makusudi juu ya kidole au sikio la mgonjwa, naye mganga mwenye shahada husimama kando akimtazama ashibe.

Sababu yake si uchawi. Kidole kilichokatika kinapounganishwa tena, au kipande cha ngozi na nyama kinapohamishwa ili kuziba pengo, mpasuaji hushona mishipa midogo sana ya damu akitumia hadubini. Ateri, iletayo damu, ina ukuta mnene na hushoneka. Vena, irudishayo damu, ina ukuta mwembamba na huziba upesi. Basi damu huingia isipate pa kutokea. Kiungo huvimba, hugeuka rangi ya zambarau, na kisha hufa. Ruba hunyonya mililita 5 hadi 15 tu, lakini mate yake yana hirudini, kemikali izuiayo damu isigande, ambayo John Haycraft aliigundua mwaka 1884. Kwa hiyo jeraha huendelea kuvuja kwa saa nyingi baada ya ruba kuanguka, na kiungo hupata nafasi ya kuishi mpaka vena mpya zichipue baada ya siku kadhaa. Wapasuaji wa Slovenia, Derganc na Zdravic, waliandika habari za tiba hiyo mwaka 1960. Mwaka 1985, huko Boston, Joseph Upton alilirudisha sikio la mtoto wa miaka mitano, na ruba wakaliokoa. Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliruhusu ruba wauzwe kama kifaa cha tiba.

Habari kama hizi zikitua kijijini huzaa hoja ya haraka: ikiwa wazungu wenyewe wamemrudia ruba, kwa nini tusiokote wetu bwawani tukajitibu? Hoja hiyo siikubali hata kidogo.

Ruba aweza kunywa damu ya uzito mara tano ya mwili wake, akakaa nayo tumboni kwa miezi bila ya kuoza. Haiozi kwa sababu ndani ya tumbo hilo wamo bakteria wachache wateule, hasa wa jamii ya Aeromonas, ambao husaidia uyeyushaji na huwafukuza bakteria wengine. Kwa ruba hao ni wapangaji wema. Kwa mgonjwa ambaye nyama yake imekosa damu safi ni maadui. Wapasuaji wa Uingereza walitoa onyo hilo mwaka 1983, na tangu hapo taarifa za hospitali zimetofautiana mno: kuanzia wagonjwa 2 hadi 36 walioambukizwa kwa kila 100 waliowekewa ruba. Usaha waweza kutokea siku ya kwanza au baada ya wiki nzima. Ukishatokea, kiungo kilichokuwa kinaokolewa mara nyingi hupotea.

Kumwosha ruba hakufai kitu, kwani uchafu hauko juu ya ngozi yake. Hapa ndipo anapotofautiana na chuku yetu ya tangu zamani. Pembe ya kuumikia yaweza kuchemshwa, wembe waweza kutupwa, ruba hachemshwi. Wala hafai kuhamishwa kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine, maana hubeba damu ya wa kwanza, na pamoja nayo aweza kubeba virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Hospitalini hutumika mara moja, kisha huuawa katika spiriti.

Kinga yapasa kuanza kabla ruba hajamgusa mgonjwa, nayo ni viuavijasumu. Lakini si chochote kipatikanacho dukani. Ampisilini na amoksilini, ambazo wengi wetu hununua bila ya cheti cha daktari, kwa kawaida haziwezi kitu mbele ya Aeromonas. Waganga wametegemea siprofloksasini au kotrimoksazoli. Nayo ngome hiyo imeanza kubomoka. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ruba wa tiba waliolishwa damu ya kuku walikuwa na chembe za siprofloksasini na enrofloksasini tumboni. Kiasi hicho kidogo kilitosha kuwapa nafasi Aeromonas sugu waongezeke, na vijidudu hivyo vikawafikia wagonjwa.

Msomaji wa Pwani naomba asome tena maneno hayo: damu ya kuku. Kibaha na vitongoji vyake hufuga kuku wengi wanaoliwa Dar es Salaam, na enrofloksasini hutumika pia katika ufugaji wa nchi yetu, mara nyingine kwa kukisia tu. Aeromonas naye hahitaji ruba ili atufikie. Makazi yake ya asili ni maji baridi na matope. Kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu na kutumbukia mtaroni, akafikishwa Tumbi na jeraha lililojaa tope, atazihitaji dawa zile zile. Mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa uliotolewa mwaka 2017 ulimtaja mfugaji pamoja na mganga, na kwa haki.

Je, hospitali zetu zimtumie ruba? Maoni yangu ni kwamba isiyo na maabara ya kuotesha vijidudu kutoka katika maji ya ruba wake, na kujua ni dawa ipi ingali inaviua, isimguse. Isiyo na damu ya kutosha ya kumwongezea mgonjwa isimguse pia, maana kuvuja huko kwa siku kadhaa humpunguzia mtu damu nyingi.

Walimu wa Baiolojia waendao bwawani kutafuta vielelezo wavae mabuti na glavu, wakikumbuka kwamba maji hayo hayo huweza kuwa na kichocho. Mwanafunzi akinatwa na ruba asimchome kwa moto wala kummwagia chumvi, kwa sababu ruba akishtuka aweza kutapika, na matapishi hayo huingia jerahani. Apitishe ukucha kati ya mdomo wa ruba na ngozi, amsukume pembeni, kisha aoshe kwa sabuni na maji safi na kukandamiza kwa kitambaa. Damu ikivuja kidogo kwa saa chache asitaharuki, maana hiyo ni kazi ya hirudini. Lakini pakivimba na kuwa pekundu siku zifuatazo, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba aliumwa na ruba, ili asipewe amoksilini.