Kiswahili Kilienea Bara kwa Biashara: Biashara Gani?

Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kuketi katika chumba cha mtihani analijua jibu hili: Kiswahili kilienea bara kutokana na biashara, dini, elimu na utawala wa kikoloni. Hoja ya biashara hupata alama zake, nasi tukaenda zetu. Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo, japo si la uongo, lina adabu kupita kiasi. Halisemi kilichokuwa kikiuzwa.

Tuanzie mbali kidogo. Nchini Marekani, kila ardhi mpya iliyotwaliwa upande wa magharibi ilizua swali moja: je, utumwa utaruhusiwa huko? Mwafaka wa Missouri wa 1820 ulichora mstari wa kuutenga utumwa. Vita dhidi ya Mexico vya 1846 hadi 1848 vikaleta ardhi kubwa zaidi na ugomvi mkubwa zaidi. Sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854 ikaufuta ule mstari na kuwaachia walowezi wajiamulie, nao wakaanza kuuana. Mnamo 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ikaamua kuwa Bunge halikuwa na uwezo wa kuzuia utumwa katika maeneo hayo. Mwaka 1861 taifa likapasuka. Nyuma ya ugomvi huo wote kulikuwa na zao moja, pamba, ambayo mashamba yake yalisonga kuelekea Alabama, Mississippi na Texas, na watumwa wakasongezwa pamoja nayo.

Msomaji atauliza hayo yatuhusu nini sisi wa Idara ya Kiswahili. Jibu limo katika msamiati wetu wenyewe. Marekani, au amerikani, si nchi tu. Ni kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio waliokileta Unguja. Seyyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mnamo 1833, na kufikia 1837 balozi mdogo wa nchi hiyo alikuwa amekwisha kufika Unguja. Basi tuifuate safari ya nguo hii: pamba ilichumwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini, ikavuka bahari hadi Unguja, kisha majora yake yakabebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji na Manyema. Huko ilibadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Pembe nyingine zilirudi hadi Connecticut kutengenezewa vibonyezo vya piano. Vita vya 1861 vilipoiadimisha pamba ya Marekani, nguo za Uingereza na Bara Hindi zilishika nafasi yake, lakini jina halikufa. Hata Wakikuyu walilipokea wakaliita marikani.

Kwa hiyo nasi tulikuwa na magharibi yetu. Karafuu za Unguja na Pemba zilihitaji mikono kama pamba ilivyoihitaji, na kila hatua ya misafara kuelekea maziwa makuu ilikuwa pia hatua ya Kiswahili. Lugha ikabeba mgawanyiko ule ndani ya maneno: mwungwana upande mmoja, mtwana na mshenzi upande wa pili. Mshenzi alikuwa mtu wa bara. Leo tunalitumia neno hilo kumtukania jirani, bila kukumbuka kwamba lilimtaja mtu aliyeweza kukamatwa.

Sisi wa Mitunguu, katika Imenti Kusini, tunao upande mwingine wa habari hii. Masimulizi ya Wameru yanasema kwamba wazee wetu waliishi Mbwaa, kando ya bahari, wakitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa mitihani isiyowezekana: watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili, watengeneze mkuki unaofika mbinguni. Mwisho wakatoroka, wakavuka maji, na koo zikapata majina ya rangi kwa kadiri ya saa ya kuvuka: weusi usiku, wekundu alfajiri, weupe mchana. Wanahistoria hawakubaliani Mbwaa ilikuwa wapi, na wapo wanaoona athari ya kitabu cha Kutoka. Haidhuru. Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi hekaya hii huchambuliwa kwa motifu za chemshabongo na safari, kisha utumwa, ambao ndio kiini chake, hupitiwa juu juu. Hawa nao walielekea bara, ila walikwenda wakikimbia. Tena bwana wao walimwita kwa nguo yake!

Najua pingamizi litakalotolewa. Kusema hivi, nitaambiwa, ni kuwapa silaha wale wanaokiita Kiswahili lugha ya utumwa, kama walivyofanya baadhi ya wapinzani wake huko Uganda. Pingamizi hili lina uzito, lakini linasahau nani walikuwa wasemaji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda kwa ujira walikisema. Walioachwa huru na kupewa makao Frere Town, Mombasa, kuanzia 1875, walikisema pia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mnamo 1873, utumwa wenyewe ukapigwa marufuku huko mnamo 1897 na katika pwani ya Kenya mnamo 1907. Waliokombolewa hawakuitupa lugha pamoja na minyororo. Tunapoficha biashara ile, tunawafuta hao kwanza.

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tunayo kwa Kiswahili chake mwenyewe, nasi huyasoma kama mfano wa mapema wa tawasifu. Ningependa yasomwe sambamba na masimulizi ya Mbwaa, katika muhula mmoja, na mtihani uulize: "Linganisha sauti ya anayekwenda bara kununua na sauti ya anayekwenda bara kutoroka. Ni ipi iliyokupa Kiswahili unachoandikia jibu hili?"