Utani wa Njia ya Misafara: Nani Humtawala Mhusika?

Aghalabu utani hufasiliwa kuwa mzaha. Fasili hiyo ni pungufu, kwani huacha kando kanuni zinazoutenganisha na matusi. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo walipita katika nchi za watu wengi, na Wazaramo wakawa miongoni mwa watani wao. Mwaka 1940, Radcliffe-Brown aliueleza uhusiano wa aina hii kuwa ni utovu wa heshima unaoruhusiwa. Maelezo hayo yanagusa ruhusa tu, hayagusi mamlaka. Mtani huchagua maneno, lakini hajichagulii nafasi, huirithi. Msibani aweza kumwigiza marehemu, sauti na mwendo wake, na wafiwa hawana haki ya kukasirika. Naye hana haki ya kukwepa kazi za mazishi. Msiba ukihamia kwake, zamu hugeuka. Hivyo basi, mkubwa wa kazi anayemkejeli mtumishi asiyethubutu kumjibu, kisha akasema "ni utani tu", hatanii. Ametwaa ruhusa na kuutupa wajibu. Fasili ya utani isiyotaja zamu humpa kinga asiyostahili.