Mastaa Acheni Kuwadanganya Vijana, Usaili Si Shoo!

Leo za nani kaachana na nani tuziweke pembeni kidogo, maana kuna jambo limenikaa kooni.

Kuna huyu staa wetu wa filamu, jina kapuni, siku hizi kageuka mshauri wa vijana. Video zake zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila kukicha. Ushauri wake kuhusu usaili wa kazi ni huu: ingia kifua mbele, ongea kama bosi, ukiulizwa usichokijua usithubutu kusema hujui, we jaza upepo tu. Na hayuko peke yake. Kuna yule mhamasishaji anayeuza tiketi za semina, naye anapiga ngoma hiyo hiyo.

Mimi nasema HAPANA. Huo ushauri unaumiza watu, na wanaoumia si watoto wa wenye nazo.

Kijana anatoka Kigoma kwenda Dodoma kwenye usaili wa serikali. Tangazo limemwambia wazi kwamba chakula, usafiri na malazi anajigharamia mwenyewe. Nauli kakopa kwa mjomba, au mama kauza kuku. Huyo ndo unamtuma akajaze upepo? Mmesahau mwaka 2014 pale Uwanja wa Taifa, watu zaidi ya 10,000 wakigombea nafasi 70 za Uhamiaji? Mnadhani walichokosa wale walioachwa ni kutembea kifua mbele?

Wale wanaosaili nao si wajinga. Mtu ameshasikiliza watu ishirini tangu asubuhi, upepo anaujua. Hakubishii. Anakuuliza swali la pili juu ya hilo hilo ulilodanganya, halafu la tatu, na hapo jasho linaanza kukutoka.

Hata ukipita, uongo una mkia mrefu jamani. Mwaka 2017 si tuliona uhakiki wa vyeti? Watumishi 9,932 walibainika na vyeti vya kughushi. Wengine walishakaa kazini miaka, wana familia na mikopo. Wale nao siku ya kwanza walijiamini sana tu.

Sasa nisije nikaambiwa naponda bila kusema kitu. Kujiamini kunatokana na kujiandaa, basi. Chukua mfano wa kazi ya keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wanakuuliza, jioni umefunga hesabu imepungua shilingi 20,000, unafanyaje? Mjaza upepo atasema, "Mimi hesabu yangu haipungui hata siku moja." Mwingine atasema atalipa toka mfukoni. Wote wameshajimaliza, mmoja anadanganya, mwingine anafukia tatizo. Mwenye akili atajibu, "Nitahesabu upya, nitalinganisha na risiti za siku nzima, nikikosa nitamwambia msimamizi siku hiyo hiyo kabla sijaondoka." Hapo hujajisifu wala hujaongea Kiingereza cha puani, lakini tayari wanakuona umekaa kaunta.

Kwa hiyo kabla hujaenda, jua ofisi inafanya nini na kazi unayoomba inaanza na kuishia wapi. Soma CV yako mwenyewe, maana wengine wameandikiwa stesheni na hawajui ina nini ndani. Fika mapema, simu zima, nguo safi, salimia kuanzia mlinzi.

Usilolijua, sema. Ila usiishie kwenye "sijui" ukanyamaza kama umemwagiwa maji. Sema, "Hiyo programu sijawahi kuitumia, niliyozoea ni hii, na nipo tayari kujifunza." Ukiulizwa mshahara, usiseme "chochote tu." Ulizia mapema wenye kazi kama hiyo wanalipwaje, utaje kiwango chako kwa heshima.

Sasa kilichonichefua kabisa ni video ile aliyowaambia dada zetu kwamba mwanamke mjanja anajua "kumsoma bosi." Kaka yangu, unajua unachokisema? Msichana anaulizwa kama ana mchumba na anazaa lini, wewe unamwambia atabasamu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito au hali ya ndoa, na inamlinda hata anayeomba kazi. Dada, jibu kwa utulivu, "Nipo tayari kwa majukumu ya nafasi hii, naomba tuzungumzie kazi." Akikwambia mkutane jioni ndo mmalizie usaili, hiyo ni rushwa ya ngono. Beba mkoba wako, ondoka, TAKUKURU wapo kwa kazi hiyo.

Staa wetu, wafuasi unao wengi kuliko mimi na blogu yangu hii. Waambie basi vitu vinavyosaidia. Waambie wasome tangazo hadi mstari wa mwisho, maana Sekretarieti ya Ajira inataka vyeti halisi na inakataa hati za matokeo. Kijana anayesafiri usiku kucha na karatasi isiyokubalika, kifua mbele chake kitamsaidia nini pale mlangoni? Kuigiza ni kazi yako na unaiweza, tunakupa maua yako. Ila kwenye kamera ukikosea unarudia. Kwenye usaili hakuna kurudia, na nauli ya watu hairudi.

Najua mashabiki wake mtakuja na povu, karibuni, sabuni ipo. Ila mje na hoja. Na wewe mdau, swali gani la usaili liliwahi kukutoa jasho, na ulijibuje? Dondosha hapo chini, kuna mtu kesho kutwa anaitwa na jibu lako litamfaa.