Moyo Ulindwe Kuanzia Sahanini

Mboga za kienyeji zinastahili kuwa kwenye sahani ya kila siku Kakamega. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana shinikizo la damu, na kwamba asilimia 94 hawali mboga na matunda ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 kwa siku. Kunde, saga, mrenda na managu zina potasiamu, inayousaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi na kulegeza mishipa ya damu. Maharagwe na njugu mawe vina nyuzinyuzi zinazopunguza lehemu mbaya.

Wapo wanaosema saga ni chungu na ni chakula cha maskini. Uchungu hupungua ikipikwa kwa maziwa, kama Waluhya walivyozoea. Na kuhusu hadhi, Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia miaka mingi kuonyesha thamani ya lishe ya mboga hizi. Wengine husema dawa inatosha. Dawa ya presha isiachwe kamwe, lakini haiondoi madhara ya kula vibaya. Mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa kuwa potasiamu nyingi inaweza kumdhuru. Tena mboga iliyozama katika mafuta na chumvi hupoteza faida yake. Basi tupunguze chumvi, tupunguze ugali kidogo, na tuongeze mboga leo, kabla moyo haujaugua.