Ngozi ya Chuma Isichunwe

Mnamo Julai 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji wa Mwanza kutoka kwa Wajerumani. Vita vilipoanza mwaka 1914, wengi wa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wakibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizotumia baruti ya moshi mwingi. Silaha ya namna hiyo ipatikanapo leo, wapo wapendao kuisugua kwa msasa ili ing'ae. Kufanya hivyo ni kufuta ushahidi.

Weusi wenye buluu uonekanao juu ya mtutu wa zamani si rangi ya kupakwa. Ni oksidi, yaani chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni. Mafundi wa karne ya 19 walikipaka chuma dawa ya asidi, wakakiacha kishike kutu, wakakichemsha katika maji hata kutu nyekundu ikageuka nyeusi, kisha wakakipiga brashi. Kazi hiyo ilirudiwa mara kadhaa. Njia ya kuchovya chuma katika mchanganyiko wa moto wa chumvi na kostiki soda ilienea baadaye sana, katika miaka ya 1930.

Basi mchunguzi hujiuliza. Je, kingo za chuma ni kali, au zimeviringika kwa kusuguliwa? Je, herufi na namba zilizogongwa zingali wazi, au zimefifia? Je, vishimo vilivyoliwa na kutu vina weusi ule ule wa sehemu nyingine? Ikiwa ndivyo, weusi huo ulikuja baada ya kutu, wala si wa kiwandani. Je, sehemu iliyofichwa na mbao yafanana na ya nje? Dalili moja haitoshi. Nyingi zikikubaliana, hukumu hupata nguvu.

Wapo wasemao kwamba kitu kisichong'aa ni aibu kwa makumbusho. Hoja hiyo haina uzito. Unyevu wa Ziwa Victoria huzuiwa kwa mahali pakavu na mafuta mepesi. Msasa huondoa, pamoja na kutu, alama za mikono ya askari ambao vitabu viliwataja kwa uchache.

Somo hili lafaa darasani bila bunduki yoyote: msumari ulioshika kutu nyepesi, ukichemshwa katika maji safi kwa nusu saa, huonyesha wekundu ukigeuka weusi. Silaha ya kale ikionekana shambani, isiguswe, kwani huenda ingali na risasi, polisi waarifiwe. Chuma kilichonyamaza kwa zaidi ya miaka 100 kina haki ya kusikilizwa kabla ya kusafishwa.