Kufa siku moja si kuzikwa sawa

Kuna desturi iliyoenea katika vitabu vya kumbukumbu, katika kalenda za ukutani na hata katika mafunzo ya shuleni, ya kuwapanga watu mashuhuri kwa tarehe walizofariki. Mwanafunzi husoma kwamba fulani na fulani walikufa siku moja, akastaajabu, akakariri, kisha akaendelea na somo jingine. Desturi hiyo haina ubaya ikiwa ni mlango wa kuingilia katika historia. Ubaya huja pale mlango unapodhaniwa kuwa ndiyo nyumba yenyewe.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba kufa siku moja si muujiza. Mwaka una siku 365, na watu mashuhuri waliokwisha kufa ni maelfu kwa maelfu. Walimu wa hesabu wanajua kwamba wakichukuliwa watu 23 tu bila kuchaguliwa, uwezekano wa wawili wao kuangukia tarehe moja unapita nusu. Hata hivyo, marais wawili wa zamani wa Marekani, John Adams na Thomas Jefferson, walipofariki wote tarehe 4 Julai 1826, siku taifa lao lilipotimiza miaka 50, wengi walisema ni ishara kutoka mbinguni. Vilevile Shakespeare na Cervantes husemwa kuwa walikufa siku moja, tarehe 23 Aprili 1616. Lakini wakati huo Uingereza na Hispania zilifuata kalenda mbili tofauti zilizopishana kwa siku kumi, na tarehe 23 ni ile inayohesabiwa kuwa ya maziko ya Cervantes, si ya kufa kwake. Tarehe, basi, ni hesabu ya wanadamu, nayo haina siri yake yenyewe.

Palipo na mafunzo ni katika yale yaliyotendwa na walio hai baada ya kifo. Tarehe 27 Agosti ni mfano unaofaa kutazamwa kwa makini na kila mwalimu na kila mtumishi wa umma, kwa maana siku hiyo walifariki watu watatu ambao historia ya Afrika na ya nchi zilizotawaliwa haiwezi kuandikwa bila ya kuwataja.

Wa kwanza ni W.E.B. Du Bois, aliyefariki mjini Accra mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 95. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1895. Alikuwa miongoni mwa walioitisha mikutano ya umoja wa Waafrika tangu ule wa Paris wa mwaka 1919, na katika mkutano wa Manchester wa mwaka 1945 aliketi pamoja na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Nchi aliyozaliwa ilimnyima pasi ya kusafiria kwa miaka kadhaa, hata asiweze kuhudhuria sherehe za uhuru wa Ghana mwaka 1957. Mwaka 1961 alikwenda Ghana kwa mwaliko wa Nkrumah ili asimamie kazi ya kuandika ensaiklopidia ya Afrika, na huko akapewa uraia. Alipofariki, Ghana ilimzika kwa heshima za kitaifa. Siku ya pili yake, mbele ya umati wa watu wapatao 250,000 waliokusanyika Washington kudai haki, kifo chake kilitangazwa jukwaani, na umati ukakaa kimya kwa heshima yake.

Wa pili ni Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, aliyefariki mwaka 1975. Mwaka 1936, nchi yake ilipokwisha kuvamiwa na majeshi ya Italia, alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa akadai haki ya taifa dogo lililoachwa peke yake. Ni katika mji wake mkuu, tarehe 25 Mei 1963, ndipo ulipozaliwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Pamoja na hayo, utawala wake uliificha njaa ya Wollo ya miaka ya 1972 na 1973, wakulima wakafa kwa maelfu huku taarifa zikizuiwa. Njaa hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwangusha mwezi Septemba 1974. Wanajeshi waliomwondoa, waliojulikana kwa jina la Derg, walitangaza mwaka uliofuata kwamba amekufa kwa maradhi, wala hawakuonyesha kaburi. Mwaka 1992, baada ya Derg nayo kuanguka, mifupa yake ilifukuliwa chini ya sakafu katika eneo la kasri. Katika kesi ya viongozi hao, waendesha mashtaka walidai kwamba Mfalme aliuawa. Alizikwa kwa heshima katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu mjini Addis Ababa mwaka 2000, miaka 25 baada ya kufa kwake.

Wa tatu ni Lord Mountbatten wa Uingereza, aliyeuawa mwaka 1979 kwa bomu lililotegwa na IRA ndani ya mashua yake huko Mullaghmore, Ireland. Katika bomu hilo walikufa pia vijana wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 15, ambao hawakuwa na vita na mtu. Wazee wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili walipigana chini ya kamandi yake. Mwaka 1947, akiwa mwakilishi wa mwisho wa Mfalme wa Uingereza katika India, aliharakisha siku ya uhuru kutoka Juni 1948 hadi Agosti 1947. Mpaka kati ya India na Pakistan ulichorwa kwa muda wa majuma machache, na ukatangazwa baada ya bendera kwisha kupandishwa. Watu zaidi ya milioni kumi walihama makwao, na waliouawa wanakadiriwa kuwa laki kadhaa hadi milioni moja au zaidi. Yeye alizikwa kwa sherehe kubwa iliyofanyika Westminster Abbey. Wengi wa wale waliouawa katika treni na katika njia za Punjab hawana hata kaburi linalojulikana.

Hao ndio watatu. Mmoja alizikwa na watu wa ng'ambo kama mzee wao, mmoja alifichwa na watu wa nchi yake mwenyewe, na mmoja akasindikizwa kwa farasi na bendera. Tarehe ni ile ile. Kilichotofautiana ni uamuzi wa wenye madaraka, na uamuzi huo unaeleza tabia ya utawala kuliko unavyoeleza sifa za marehemu. Serikali inayoficha maiti huwa na jambo jingine inaloficha. Na msomaji asisahau kwamba huyo aliyefichwa naye utawala wake uliwahi kuwaficha waliokufa kwa njaa. Silaha ya kuficha haina mwenyewe. Leo humtumikia mkubwa, kesho humgeukia.

Lakini orodha ya tarehe 27 Agosti haijakamilika. Katika siku hiyo hiyo, mwaka 1896, ambao ulikuwa mwaka 1314 wa Hijra, mwezi wa Mfungo Sita, manowari za Uingereza zilipiga mizinga kasri la Unguja. Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Sayyid Khalid bin Barghash akakalia kiti bila ya idhini ya Waingereza. Muda aliopewa wa kuondoka ulikwisha saa tatu asubuhi. Dakika chache baadaye mizinga ilianza kulia, na kabla ya saa nne mambo yalikuwa yamekwisha. Khalid alikimbilia katika ubalozi wa Ujerumani, na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Upande wa Unguja, waliouawa na kujeruhiwa walikuwa wapatao 500, na wengi wao walikuwa askari wa kawaida, watumishi na watumwa wa kasri.

Vitabu vingi huisimulia habari hiyo kama kichekesho, kwamba ndiyo vita fupi kuliko zote duniani. Majina ya manowari yameandikwa na dakika zimehesabiwa. Majina ya wale waliolala chini ya kifusi hayasomwi mahali popote pa hadhara, wala hayatajwi katika kalenda zinazowataja Du Bois, Haile Selassie na Mountbatten. Wao pia walikufa tarehe 27 Agosti.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mwalimu. Anapoandika tarehe ubaoni, haimpasi kutosheka na jina la mkubwa. Yampasa awaulize wanafunzi: nani mwingine alikufa siku hiyo, nani aliandika habari zake, na kwa nini wengine hawakuandikwa? Katika vijiji na mitaa wapo wazee wenye kumbukumbu ambazo hazijawahi kutiwa katika daftari lolote. Mwanafunzi aliyetumwa kumsikiliza mzee mmoja na kuandika asemayo amefanya kazi ya historia kuliko aliyekariri tarehe mia.

Mtumishi wa umma naye ana sehemu yake. Daftari la vifo, taarifa ya njaa, ripoti ya ajali na jalada la masjala ni karatasi zinazoonekana duni siku zinapoandikwa. Baada ya miaka hamsini ndizo zitakazosema kwamba mtu fulani aliishi, akafa, na kwa sababu gani. Karani anayeandika kwa uaminifu kifo cha mkulima asiyejulikana humpa haki ambayo waliokufa Wollo walinyimwa na ambayo waliokufa Unguja hawajaipata hadi leo. Anayeliacha jina hilo kwa uvivu au kwa hofu ya mkubwa wake amemzika mtu huyo mara ya pili.